Fundi, iulize diski kabla hujaifungua

Mhariri,

Naomba nafasi niyaseme yaliyotupata hapa Kibirizi, maana nasikia vikundi vingine navyo vimeanza kuweka hesabu kwenye kompyuta.

Sisi ni wauza dagaa. Kompyuta yetu ni ya Linux, na hesabu zinakaa kwenye diski ya nje yenye mfumo wa ext4, yaani namna Linux inavyopanga mafaili ndani ya diski. Mwezi uliopita mikopo mitatu haikuonekana kwenye jedwali. Macho yote kwa katibu, binti anayekwenda na diski nyumbani. Akaapa hajaigusa tangu kikao cha Jumamosi.

Jibu lilikuwamo ndani ya diski. Ext4 huandika tarehe na saa ya mara ya mwisho diski ilipopachikwa, yaani kompyuta ilipoifungua ili itumike, au kumauntiwa kama wasemavyo mafundi. Amri ni moja: sudo tune2fs -l /dev/sdb1 (hilo la mwisho ni jina ambalo kompyuta imeipa diski), kisha utafute mstari wa "Last mount time". Lakini fundi wetu, vyeti vimejaa ukutani kwake, akaichomeka diski moja kwa moja. Kompyuta ikaifungua yenyewe, dirisha likatokea. Alipokuja kuandika amri, mstari ukasoma 10:12 ya asubuhi ileile. Na sisi tulikuwa tumesimama hapo, saa nne na robo, chai haijapoa!

Tarehe ya zamani ndiyo imefutika hivyo, kwani huwekwa moja tu. Saa ya kuchomolewa haiandikwi kabisa. Inayokaribia ni "Last write time", maana diski ikitolewa kwa utaratibu huandikwa kidogo mwishoni. Nayo ilishabadilika. Tukapekua journalctl, daftari la matukio la Linux, lakini kumbukumbu zile ni za kompyuta ya ofisini. Kama diski ilichomekwa kwingine, zitajuaje?

Angezima kwanza ule ufunguaji wa otomatiki, ndipo achomeke. Basi. Ni kweli tarehe isingetutajia mtu, ila kama ingekuwa ya Jumamosi, binti angepumua. Sasa hana hatia wala hajasafishika, na akituona mwaloni anapita njia ya juu.

Siku hizi, kabla diski haijafunguliwa, nasoma idadi ya mara ilizopachikwa, ambayo amri hiyohiyo huionyesha, naiandika kwenye kaunta buku na mwekahazina anatia sahihi. Jumamosi iliyopita ilikuwa 41.

Mtunza vitabu wa kikundi,
Kibirizi, Kigoma