Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Ile 20 ya kwenye chati

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Ukipata nafasi ya kupita wodi yoyote wanakofanyia mazoezi wanafunzi wa uuguzi, omba mafaili matano tu, kisha ushuke na safu ya upumuaji. Usishangae ukikuta 20, 20, 18, 20, 22, 20. Mwenye nimonia 20, aliyevunjika paja 20, mzazi wa jana 20. Joto limepimwa na presha imepimwa, maana hivyo vina mashine. Pumzi inataka jicho na saa, basi imekisiwa.

Lawama si ya wanafunzi peke yao. Sisi tunaowafundisha ndio tumewazoesha. Katika mtihani wa vitendo, orodha ya kusahihishia mara nyingi inauliza kama mwanafunzi amenawa mikono, amejitambulisha, amefunga mkanda wa presha, ameandika majibu. Kama namba aliyoandika ni ya kweli, hakuna kisanduku chake. Ombi letu kwako ni kisanduku hicho.

Tuanze na pumzi, kwa sababu ndiyo inayobadilika mapema mgonjwa anapoanza kuharibikiwa. Mwanafunzi akimaliza kuhesabu mapigo asiachie kiganja cha mgonjwa. Aulaze mkono ule juu ya kifua, aendelee kuushika kana kwamba bado anahesabu mapigo, na macho yahamie kifuani. Mgonjwa akijua pumzi zake zinahesabiwa hubadili anavyopumua, hata bila kukusudia. Na kama amejifunika blanketi au kanga mbili, mkono unaopanda na kushuka ndio utakaomwonyesha mwanafunzi kifua asichokiona.

Ahesabu dakika nzima. Chukua mtoto wa miezi 10 anayepumua mara 52. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 anapumua haraka. Wa mwaka 1 hadi 5 ni 40, na aliye chini ya miezi 2 ni 60. Mwanafunzi mwenye haraka anahesabu sekunde 15 ili azidishe kwa 4. Alipaswa kupata 13, pumzi moja ikampita, akapata 12. Anaandika 48, na mtoto anarudishwa kwenye benchi. Mtoto huyo alipaswa kuhesabiwa akiwa ametulia, hanyonyi, halii, na mama amemfunua kifua. Kifua kikiwa wazi, mwanafunzi ataona pia kama sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila mtoto anapovuta hewa, jambo ambalo namba peke yake haisemi.

Presha nayo ina uongo wake. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa uzunguke kama asilimia 80 ya mkono. Chumba chenye mkanda wa saizi moja kinampa mama mwenye mkono mnene presha ya juu asiyokuwa nayo, na kinamshushia mjamzito mwembamba 140/90 ambayo ingepasa kuwashtua watu. Hewa itolewe polepole, kama milimita 2 za zebaki kwa sekunde. Anayeifungulia yote kwa mkupuo anapitwa na sauti ya kwanza, na namba ya juu inaandikwa chini ya ilivyo.

Hata presha iliyopimwa vizuri huweza kumpoteza asiyejua kuisoma. Kijana wa ajali ya bodaboda ana 110/90, mapigo 124, pumzi 26, na kwenye makabidhiano ya zamu tunasikia "presha yake nzuri". Si nzuri. Nafasi kati ya namba mbili ni 20 tu, mishipa imejibana kufidia damu inayopotea, na mtu mzima anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu kabla namba ya juu haijashuka. Mwanafunzi wa huduma za dharura afundishwe kuzisoma namba hizo tatu pamoja, kisha aguse mikono kama ni ya baridi.

Upimaji wa fahamu kwa alama za Glasgow, yaani za macho, sauti na mwendo, unaandikwa kwa jumla moja, mfano 12. Jumla hiyo haimsaidii anayepokea zamu. Macho 4, sauti 2, mwendo 6 ni 12: huyu anatazama na kutii amri ila maneno hayatoki, pengine ni kiharusi. Macho 3, sauti 4, mwendo 5 nayo ni 12, na huyo ni mgonjwa mwingine kabisa. Ziandikwe tatu. Halafu kuna lugha: bibi anayejua Kisukuma tu akiulizwa tarehe kwa Kiswahili atapewa alama ya mtu aliyechanganyikiwa, na ndugu yake amekaa hapo nje, angeweza kutafsiri.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni tukitaje kwa ufupi. Piko nyeusi na rangi ya kucha huweza kukivuruga, vidole vya baridi vivyo hivyo. Kwa bibi harusi wa pwani hata vidole vya miguu havisaidii, jaribu ndewe ya sikio. Na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi kifaa hiki kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo mwanafunzi wetu aangalie ulimi na fizi hata kama kioo kinasema 94.

Tunachokiomba, Mheshimiwa, ni hiki. Katika mtihani wa vitendo, mkufunzi na mwanafunzi wahesabu pumzi za mgonjwa mmoja, dakika ileile, kila mmoja akiandika kwenye karatasi yake. Tofauti ikizidi 2 kwa mtu mzima aliyetulia, mwanafunzi arudie. Ikizidi tena, amefeli kituo hicho cha mtihani hata kama alinawa mikono kwa ustadi. Kwa presha kuna stethoskopu za kufundishia ambazo watu wawili husikiliza kwa pamoja, na tofauti isizidi milimita 4. Kila maabara ya ujuzi iwe na mikanda ya mtoto, mtu mzima na mkono mnene.

Na kila wodi ya mafunzo itundikwe saa yenye mshale wa sekunde, mahali inapoonekana kutoka kitandani. Tunawakataza wanafunzi simu na saa za mkononi, kisha tunawaambia wahesabu dakika nzima.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakufunzi wa uuguzi na huduma za dharura