Barua kwa Rehema kuhusu seli za mafuta

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Uliniuliza kama unene wa kupindukia ungekwisha iwapo seli za mafuta zingezuiwa zisiumbike. Mimi naona usingekwisha, na ili nikueleze sababu sina budi kuanzia kwenye ukunjaji wa protini.

Protini huzaliwa ikiwa mnyororo wa asidi amino, na kwa kawaida haifanyi kazi mpaka ijikunje ikapata umbo lake. Zile zitakazotolewa nje ya seli hukunjiwa ndani ya retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa vijia na vifuko ndani ya seli, zikilindwa na protini saidizi zisije zikashikamana ovyo. Kazi ikizidi uwezo, zisizokunjika vizuri hurundikana, na hali hiyo huitwa msongo. Hapo kihisi kiitwacho IRE1 hukata kipande kidogo cha RNA (nakala ya maagizo) ya jeni iitwayo XBP1, na protini inayopatikana huwasha jeni za kuongeza uwezo wa kukunja. Linalonishangaza ni kwamba seli changa huuhitaji mfumo huohuo ili iwe seli ya mafuta, ambayo baadaye itamwaga homoni kama leptini na adiponektini: seli za panya zilizopunguziwa XBP1 maabara zilishindwa kukomaa. Hata hivyo, msongo huo ukipita kiasi huzalishwa protini nyingine, CHOP, ambayo huzuia ukomavu uleule. Kwa hiyo kidogo husaidia, na kingi huharibu.

Mwaka 2004 kikundi cha Gökhan Hotamışlıgil, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, kilionyesha kuwa panya wanene wana msongo huo katika ini na katika mafuta, na kwamba msongo huo hudhoofisha kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Mwaka 2006 kikawapa panya wa namna hiyo kemikali zinazosaidia ukunjaji, na sukari yao ya damu ikashuka. Panya, lakini, si watu.

Sasa turudi kwenye swali lako. Wapo watu wenye ugonjwa uitwao lipodistrofia ya mwili mzima, ambao karibu hawana tishu ya mafuta, nao hawasalimiki: mafuta yakikosa ghala lake huhamia kwenye ini na misuli, na wengi wao hupata kisukari. Ndiyo maana natumaini zaidi dawa za kuipunguzia seli msongo kuliko za kuizuia isiumbike.

Nitumie ile makala uliyoitaja, maana nataka kuona kama watafiti walipima na mafuta ya ini, au waliishia kwenye uzito tu.

Wako akupendaye,
Salma