Kufikiria nini tena shoga?

Salam aleikum shoga, habari za huko na baridi yenu? Sie wazima, mamako nilimuona Ijumaa, goti limepoa kidogo, anauliza mbona simu zake hupokei. Najua nimekaa kimya tangu Idd na udhuru sina, ila ile voisi yako ya juzi imeninyima usingizi. Eti mkunga amekwambia ukifika wiki ya 28 ya mimba udungwe sindano ya RSV, kile kirusi cha mapafu kinacholaza watoto wachanga, nawe ukamjibu utafikiria. Kufikiria nini?

Ngoja nikwambie ambayo wakati ule sikuyasema. Zuhura alipolazwa alikuwa na wiki saba tu. Yalianza mafua, mafua tu, mama mkwe akatoa habasoda yake nami nikamfuata, siku ya tatu mtoto akaacha kunyonya, anavuta titi mara mbili anaachia anahema, nikimvua nguo naona mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Hospitali wakamtia mpira wa oksijeni puani na mwengine wa kupitishia maziwa. Nikauliza dawa iko wapi, daktari akasema ni RSV hiyo hiyo, dawa ya kuua kirusi hicho hakuna, ni kumsaidia apumue mpaka kimuishe. Siku sita nimelala kwenye kiti cha plastiki, na yule mtoto wa kitanda cha pili... basi, tuyaache.

Na aliyeleta mafua ni nani? Feisal, kakake, katoka nayo nasari! Watafiti wa hapo Kilifi waliokuwa wakiiandama RSV miaka na miaka waliona hayo hayo, mara nyingi ni wale wakubwa wanaosoma ndio huiingiza nyumbani. Kwa hivyo usiniambie utamfungia mtoto ndani, Nassir ataiokota shule amletee mpaka kitandani.

Hilo la kuogopa sindano na mimba linanichekesha. Si tulidungwa ya pepopunda kliniki, foleni moja, wewe kutwa unalia na mkono? Kazi ni ile ile, mwili wako unatengeneza kinga, inapita kwenye kondo, mtoto anazaliwa nayo. Kwenye majaribio iliwapunguza wanaoumwa vibaya mapafu kwa kama asilimia 70 miezi 6 ya mwanzo, na hiyo ndio miezi yenyewe ya hatari. Mafua anaweza kuyapata bado, sikudanganyi, lakini mafua si mpira wa oksijeni. Ukipitisha wiki ya 28 bado watakudunga, ila kinga yataka kama wiki 2 kujengeka, na Nassir unakumbuka alivyotoka kabla ya siku zake.

Ile nirsevimab anayosema Mwanaisha wa Minnesota ni kitu chengine, hudungwa mtoto mwenyewe, kinga imeshatengenezwa tayari, kwao hupewa hasa watoto ambao mama zao hawakudungwa. Kwenu Uingereza ni hasa ya waliozaliwa mapema sana au wenye maradhi makubwa ya moyo au mapafu, usiitegemee. Mimi mimba ya Zuhura hakuna hata aliyenitajia haya mambo, wewe unaipata bure na unajivuta, wallahi nakuonea wivu mpaka hasira.

Haya nijibu, uko wiki ya ngapi sasa? Ya kifaduro ulidungwa, au nayo unaifikiria? Ni mumeo hataki ama ni yule shangazi na meseji zake za kuforwadi? Kanga zilifika? Na jina mmepata au bado mnagombana? Nipigie usiku, Zuhura akilala.