Gesi ya kiyoyozi haiishi, inavuja

Mhariri,

Joto la Desemba likianza Dar es Salaam, simu za mafundi wa viyoyozi hazitulii. Malalamiko ni yale yale: "AC haipozi, gesi imekwisha." Fundi anakuja, anafunga geji ya kupima mgandamizo, anaongeza gesi, anachukua chake. Baada ya miezi mitatu anaitwa tena. Gesi ile haichomwi kama petroli ya gari. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kununua gesi ya kumwaga angani.

Na huko angani ndiko kwenye kesi. Tukizungumzia ongezeko la joto duniani tunataja moshi wa magari, mkaa na misitu, na hatukosei, maana kabonidioksidi ndiyo yenye mchango mkubwa kuliko zote. Ila kilo kwa kilo, gesi za majokofu zinaiacha mbali. Kwa hesabu ya miaka 100, kilo moja ya R-410A, iliyo kwenye viyoyozi vingi vya ukutani, hunasa joto sawa na kilo 2,088 za kabonidioksidi. R-134a ya friji ni 1,430. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hubeba takriban kilo moja. Ukiimwaga yote ni kama umechoma lita 900 hivi za petroli. Wengi hupotezwa na maandishi ya kwenye mtungi, kwamba gesi hii haidhuru ozoni. Kweli haidhuru, lakini joto ni shauri jingine.

Hasara kubwa hutokea kiyoyozi kinapohamishwa. Fundi analegeza nati, fsssss, dakika mbili kazi imekwisha. Kumbe kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, ikiwa nzima, gesi karibu yote inarudi kwenye boksi la nje bila mashine ya ziada. Washa kiyoyozi kipoze kwa dakika kumi, geji ikiwa kwenye bomba nene. Funga koki ya bomba jembamba kwa spana ya aleni, kompresa iendelee kunyonya. Mshale ukikaribia sifuri, funga koki ya bomba nene na uzime papo hapo. Usizubae: kompresa huchemka, na kama kuna nati iliyolegea itavuta hewa. Hewa ikibanwa pamoja na mafuta, kompresa inaweza kulipuka. Kompresa ikiwa imekufa, hapo lazima mashine ya kunyonyea gesi na mtungi wake, usiojazwa kupita asilimia 80.

Uvujaji wenyewe mara nyingi uko kwenye maungio: mdomo wa bomba la shaba ulipanuliwa vibaya, au nati ilikazwa kwa kubahatisha. Jaza naitrojeni kavu, paka povu la sabuni, tazama panapotoa mapovu. Oksijeni ya kuchomelea usithubutu. Ikikutana na mafuta ya kompresa ni mlipuko. Ukishaziba, vuta hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu mpaka mikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani), funga, subiri uone kama namba inapanda. Wapo wanaoruka hatua hii na kupuliza mabomba kwa gesi yenyewe. Unyevu unaobaki huganda kwenye kapilari, kile kibomba chembamba sana cha friji, na ukichanganyika na mafuta hutengeneza asidi inayokula waya za kompresa. Mwisho, gesi ipimwe kwa mizani kufuata kibandiko cha mashine, si kwa kushika bomba kusikiliza ubaridi.

Mwaka 2016, mjini Kigali, nchi zilikubaliana kupunguza gesi za jamii hii. Kwa nchi nyingi zinazoendelea, kiwango cha matumizi kilizuiwa kisipande kuanzia 2024, na mwaka 2029 kinakatwa asilimia 10. Fundi wa mtaani hawezi kununua mashine ya kunyonyea peke yake, na kumlaumu tu si haki. Vyuo vya ufundi vya VETA vingewekewa mashine chache za kukodisha kwa siku, pamoja na mahali pa kupokea gesi chafu iliyonyonywa.

Mteja naye akatae risiti iliyoandikwa "kujaza gesi" tu. Iandikwe ni gesi gani, gramu ngapi, na tundu lilikuwa wapi.

Mkufunzi wa ufundi wa majokofu,
Dar es Salaam