Jumamosi: saa zimebadilika, naomba mthibitishe

Habari za jioni wapendwa. Mazoezi ya Kiingereza ya Jumamosi yataanza saa 10 jioni, si saa 8, kwa kuwa chumba chetu cha maktaba kina kikao mchana. Mchango wa fotokopi ni shilingi 1,000. Mpeni mweka hazina kabla ya Ijumaa jioni.

Tutafanyia kazi kinachofuata baada ya kitenzi. Sisi tumezoea "nieleze", basi wengi husema "explain me". Kiingereza kinataka "explain it to me". Gumu zaidi ni hili: "turn off the radio" na "turn the radio off" zote sawa, lakini redio ikishakuwa "it", ni "turn it off" tu. Halafu "look after them" haitenganishwi kamwe. Hapo tutakaa sana, maana hata wanaoongea vizuri hujikwaa.

1. Njooni na sentensi tatu mlizosikia kazini au redioni.
2. Wenye madaftari ya wiki iliyopita, yarudisheni.

Andikeni hapa "nakuja" au "siji" kabla ya kesho saa 3 usiku, nijue nakala za kutoa. Aliyebanwa na mchango aniambie pembeni, na aje tu.