Risala ya Waswahili Waliojitolea Katika Tamasha la Filamu la Tromsø kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Jua

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mama yetu,
Mwenyekiti wa kikundi,
Wazee wetu, mabibi na mabwana,
Na nyinyi watoto mliokaa hapo chini mbele, mnaonusa mandazi,

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Mama, shikamoo.

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kukubali kuja. Tunaijua njia ya kutoka kwako hadi hapa: ni mteremko, na mteremko wenyewe ni barafu tupu. Kabla mlango haujafunguliwa, watoto walishasikia miiba ya chuma ya viatu vyako ikigonga ngazi, wakapiga kelele, "Bibi kafika!" Pole kwa safari.

Mama, leo ni tarehe 21 Januari. Tangu mwishoni mwa Novemba jua halijapanda juu ya mji huu wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, na hata linapoanza kupanda katikati ya Januari, milima ya kusini hulificha kwa siku kadhaa. Ndiyo maana wenyeji huisubiri tarehe hii, wakaiita Siku ya Jua. Asubuhi shule zilitoa watoto nje kulilaki. Wingu likagoma. Watoto wetu wamerudi hawajaona jua, ila kila mmoja mkononi ana bofulo la jua, lile la kukaangwa lenye jamu ndani. Sisi nasi tumekaanga mandazi yetu. Tulidhani iliki itakuwa kitu kigeni kwa wageni wetu Wanorwei, kumbe mikate yao mitamu imejaa iliki toka enzi za bibi zao. Kwa hiyo leo hatuna cha kujivunia zaidi ya nazi.

Mgeni Rasmi, kikundi chetu hakina katiba wala akaunti ya benki. Kina sufuria mbili kubwa, kundi la simu lenye kelele nyingi, na watu waliotoka pande mbalimbali: Uvira, Bukavu, Bujumbura, Kigoma, Mombasa, na dada mmoja wa Unguja aliyekuja kusoma chuo kikuu hapa akaolewa hapa. Wenzetu wengi walipitia kambi za wakimbizi kabla ya kufika Norwei, wengine Uganda, wengine Nyarugusu, Tanzania. Kinachotuunganisha ni lugha, nayo kila mtu anaisema kwa lafudhi ya kwao na kumcheka mwenzake.

Majira ya baridi ya kwanza tuliyokaa pamoja, wewe ndiye uliyetuuliza, "Mnakaa ndani mnafanya nini? Kuna tamasha." Tukadhani ni la ngoma. Ukatueleza kwamba ni la filamu, kwamba lilianza mwaka 1991, na kwamba wewe hujakosa hata moja. Ukasema maneno ambayo hatujayasahau: mwezi wa giza ndio mwezi wa sinema. Wakati huo tulicheka. Nani anaandaa tamasha la kimataifa kwenye nyuzi 69 kaskazini, Januari, jua likiwa limefungiwa?

Sasa tunaelewa. Kule Unguja, tamasha la filamu la Zanzibar huonyesha picha uwanjani ndani ya Ngome Kongwe, na lazima watu wasubiri jua lizame ndipo pazia lionekane. Hapa hakuna cha kusubiri. Saa tisa alasiri giza limeshatanda, skrini imeshasimama uwanjani Stortorget, watoto wametoka shule na mabegi mgongoni wanatazama filamu fupi bure, theluji ikiwaangukia kwenye kofia. Kisa hicho cha skrini ya nje ndicho kilichotufanya tujiandikishe kujitolea.

Mama, hili la kujitolea wenzetu wa hapa wanaliita dugnad. Halikutushinda. Mkongo alisema, "Ni salongo." Mkenya akasema harambee, Mtanzania akasema msaragambo, tukaelewana bila mkalimani. Tukapewa fulana, kadi ya kuingilia, na zamu. Tumekagua tiketi, tumeonyesha watu viti, tumebeba vyuma, tumemwaga kokoto kwenye barafu mlangoni ili wageni wasivunjike. Hili ni miongoni mwa matamasha ya filamu yenye watazamaji wengi zaidi Norwei. Katika miaka yake mizuri tiketi hupita 50,000, katika mji wa watu wasiofika 80,000. Mtu akiwa mlangoni anaiona hesabu hiyo kwa macho: foleni ya wazee wenye magongo na vijana wa chuo, saa tatu asubuhi, siku ya kazi, kuingia kutazama filamu ya nchi ambayo pengine hawataifika.

Tulifanya makosa, na kwa kuwa wewe ni mama tunakueleza. Kosa kubwa lilikuwa langu, mimi katibu ninayesoma risala hii. Niliandika kwenye kundi: "Kesho saa tatu, Stortorget, kubeba vyuma." Basi kaka yetu wa Bujumbura akafika saa tatu asubuhi, weupe wa buluu ndio unaanza. Kijana aliyekulia hapa akahesabu saa ya Kizungu, akafika saa tisa alasiri. Wa tatu alitazama nje, akaona giza, akasema hii bila shaka ni saa tatu usiku. Akafika usiku, amevaa vizuri, akakuta vyuma vimeshabebwa na filamu inaendelea. Tukamlaumu, naye akatuuliza swali ambalo mpaka leo halijajibiwa: saa zetu huanza kuhesabiwa jua likichomoza, jua lisipochomoza, saa moja inaanzia wapi?

Tangu siku hiyo tunaandika saa kwa tarakimu nne kama watu wa reli.

Mgeni Rasmi, sehemu tuliyoipenda kuliko zote ni Verdensteatret. Jina lenyewe lina maana ya Ukumbi wa Dunia, na ukiuona kwa nje utasema dunia gani hiyo, maana ni jengo dogo la kawaida mtaani. Limefunguliwa mwaka 1916 na sinema bado inaonyeshwa humo. Ndani kuna picha za ukutani alizochora Sverre Mack mwaka 1921. Dada yetu wa Unguja alipangiwa zamu humo usiku mmoja, ikaonyeshwa filamu ya zamani isiyo na sauti, wapiga muziki wamekaa mbele chini ya skrini wakipiga huku wanaitazama. Alirudi hawezi kulala. Alitupigia simu saa sita usiku akisema, "Jamani, wanafanya kama Lufufu, ila kwa vinanda!"

Naomba niwafafanulie wageni wasiomjua Lufufu. Kwetu, mtaani, kulikuwa na vibandaumiza. Banda la mabati, benchi za mbao, televisheni moja juu ya meza, kiingilio shilingi chache, joto la kukutoa roho. Filamu ni ya Kichina, ya Kihindi au ya Kimarekani, na hakuna aliyesoma maandishi ya chini, kwanza yalikuwa Kiingereza, pili hayakuonekana kwa vichwa vya waliokaa mbele. Basi anakuwepo mtu wa kufasiri. Anazima sauti zao, anaweka yake. Tanzania alivuma Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda wanawaita ma-VJ. Mtu yule hafasiri tu. Anampa jambazi jina la mtaani, anamkaripia msichana asiende dirishani, anakumbusha wenye madeni ya chai wakalipe. Wengi wetu hapa filamu ya kwanza maishani tuliiona kwa mdomo wa mtu kama huyo.

Hapo ndipo palipo na changamoto yetu, Mama, na ndiyo iliyotuleta mbele yako.

Katika nchi hii filamu za watoto wadogo huwekewa sauti ya Kinorwei. Nyingine zote huachwa katika lugha yake, na tafsiri huandikwa chini ya picha. Kwa anayesoma Kinorwei au Kiingereza, huo ni utaratibu mzuri sana, masikio yanasikia dunia nzima. Lakini wazee wetu hawasomi haraka hivyo, na baadhi hawakupata shule kabisa kwa sababu ya vita. Mwaka huu tulimpeleka mama mmoja wa Kivu, mtu mzima wa miaka sabini na ushei, kwenye skrini ya uwanjani. Baridi ilikuwa nyuzi kumi chini ya sifuri. Jirani mmoja Msami, wa wenyeji wa asili wa kaskazini huku, alipomwona anatafuta pa kukaa, alimtandikia ngozi ya reinde, yule kulungu wa nchi za baridi, juu ya benchi la theluji, akamfunika miguu na nyingine. Mama akatulia. Filamu ikaanza, watu wakazungumza, mama akamshika mjukuu mkono: "Iko anasema nini ule?" Mjukuu, mwenye miaka tisa, akamnong'oneza. Dakika moja tena: "Na ule mwingine?" Mjukuu akanong'oneza. Watu wa mbele wakageuka. Mjukuu akaona haya, akanyamaza. Mama naye akanyamaza, akatazama picha mpaka mwisho kama mtu anayetazama harusi ya watu asiowajua.

Tulipokuwa tunarudisha zile ngozi, tulimweleza jirani yule. Akasema anaelewa. Akatukumbusha kwamba hata Kisami kilikuwa hakisikiki sinema. Filamu ndefu ya kwanza ya Kisami aliiongoza Nils Gaup, ilitoka mwaka 1987, ikateuliwa kuwania Oscar. Leo tamasha hili lina programu maalumu ya filamu za kaskazini, na Kisami kinasikika humo bila mtu kugeuka nyuma. Nasi katika zamu zetu zote hatukusikia Kiswahili katika ukumbi wowote, isipokuwa tulipokuwa tunagombana wenyewe kuhusu saa.

Hatusemi hivi kwa kulalamika. Kwenye tamasha wametupokea vizuri, wametupa chai, wametufundisha kuvaa soksi mbili. Lakini tumeona njia, na tunaomba utusaidie kuifungua.

Mama, tunaomba uende nasi kwa waandaaji, kwa sababu wewe wanakujua kwa uso. Tunaomba saa moja tu, uwanjani, alasiri, kwenye skrini ya nje. Filamu iwe fupi na isiyo na sauti, ili pasiwe na maneno ya mtu tutakayoyafunika. Sisi tutaleta mfasiri na kipaza sauti. Atasimulia kwa Kiswahili kama kibandani, na kijana wetu mmoja atarudia kwa Kinorwei vile vichekesho ambavyo Wanorwei wasingependa kuvikosa. Kama wapiga muziki wanaruhusiwa kukaa mbele ya filamu ya zamani wakaipa sauti, msimuliaji naye atapata pa kusimama. Tumefanya jaribio Jumamosi iliyopita kwa shuka lililotundikwa ukutani, humu ndani. Yule mama wa Kivu alikuwepo. Safari hii yeye ndiye aliyemjibu mfasiri: jambazi alipoingia, alisema kwa sauti, "Muache aingie, ataona!" Watu wakaanguka kwa kicheko.

Ombi la pili ni gumu zaidi, na mwenyekiti alisema tusilisome. Tumelisoma. Mama, tunaomba mfasiri wa kwanza uwe wewe. Usikatae haraka. Ulikaa Haydom, kule Mbulu, ukiwa muuguzi, Kiswahili chako ni cha wodini, cha "vuta pumzi" na "usiogope, ni sindano ndogo." Mwenyewe umetusimulia jinsi mlivyofunga shuka kati ya miti miwili ili wagonjwa waliokuwa wanapata nafuu watazame picha, na ukalazimika kueleza kila kitu kwa sababu mashine ilikuwa haina spika. Basi kazi hiyo unaijua kabla yetu. Watoto wetu wanaona Kiswahili ni cha jikoni kwa mama zao. Wakimsikia bibi Mnorwei mwenye nywele nyeupe anakitumia kumkaripia jambazi katikati ya Stortorget, watakitazama kwa jicho jingine.

Ombi la tatu ni dogo. Ukipata nafasi, waulize waandaaji kama vibao vya maelekezo kwa watu wa kujitolea vinaweza kuandikwa saa kwa tarakimu nne. Sababu unaijua.

Mwisho, tuna zawadi. Ni kanga, imetoka Mombasa kwenye begi la mtu, imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone." Tulibishana sana kabla ya kuichagua, kwa kuwa mji ni wako, wageni ni sisi, na bado leo kwenye kiti cha Mgeni Rasmi umekaa wewe. Dada wa Unguja akamaliza ubishi: ipo jozi, vipande viwili, kimoja chako na kingine tunabaki nacho. Atakufunga yeye mwenyewe, juu ya hilo koti, maana leo hatutakuvua koti.

Chai iko tayari, na watoto wameshaanza kuhesabu mandazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.