Mkono wa Idd kwa aliyezuiwa njiani

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu na jamaa, wa karibu na wa mbali. Mfunguo Tatu, yaani Dhulhijja, umetimiza kumi, takbira zinavuma msikitini tangu alfajiri, nami nawapa mkono wa Idd.

Mkono huu naanza kumpa mama yangu mkubwa, na kila mwenye hali kama yake. Mwaka huu alikuwa aende Hijja. Fedha alilipa, chanjo alichanjwa, begi likakaa nyuma ya mlango siku tisa. Viza haikutoka. Jana, siku ya Arafa, alifunga, akashinda kibarazani na tasbihi yake, ameelekea kibla. Nilikaa naye. Maneno ya kumliwaza sikuwa nayo, nikamkumbusha habari ya Hudaybiya.

Mwaka wa 6 Hijria, sawa na 628, ndani ya Mfunguo Pili (Dhulqaada), Mtume (S.A.W.) alitoka Madina na watu wapatao 1,400 kwenda Umra. Walikuwa wameshapita vita vya Badr, Uhud na Khandaq. Kila mmoja alikuwa na maiti wa kumlilia. Safari hii walivaa ihramu, panga zikabaki alani, na ngamia wa kuchinjwa wakavishwa vigwe shingoni ili kila awaonaye ajue hawa wanakwenda kwenye ibada. Makureshi, wakuu wa Makka, hata hivyo wakamtuma Khalid bin Walid, wakati huo bado hajasilimu, aende na wapanda farasi kuziba njia. Waislamu wakapinda kwa njia mbovu ya milimani. Walipofika Hudaybiya, ngamia wa Mtume, Qaswa, akapiga magoti, akakataa kuinuka. Watu wakasema Qaswa amegoma. Mtume akasema hakugoma, wala si tabia yake. Amemzuia Yule aliyemzuia ndovu, yaani Mwenyezi Mungu, aliyemzuia ndovu wa Abraha asiingie Makka.

Makka ilikuwa kilomita 20 na ushee tu kutoka pale.

Mkataba ambao Mtume alifunga na Suhayl bin Amr, mjumbe wa Makureshi, mnaujua: vita visimame miaka 10, Waislamu warudi zao, waje mwakani kwa siku tatu. Sayyidna Umar aliumia, akauliza waziwazi kwa nini wakubali unyonge. Ila mimi mahali panaponishika koo ni baada ya wino kukauka. Mtume aliwaambia wainuke wachinje na wanyoe. Akasema mara tatu. Hakuinuka mtu. Si kwa ukaidi, naamini; miguu ilikuwa mizito kwa huzuni. Akaingia hemani kwa mkewe Ummu Salama, naye bibi huyu akamshauri: toka, usiseme na mtu, chinja mnyama wako, mwite kinyozi akunyoe. Akafanya vivyo hivyo. Walipomwona, wote wakainuka, wakachinja, wakanyoana wenyewe kwa wenyewe, na kwa majonzi yale karibu wauane.

Walichinja palepale walipozuiwa. Njiani wakirudi Madina ikashuka Suratul Fat-h, ikiita siku ile ushindi ulio wazi. Mwaka uliofuata waliingia Makka wakatufu. Mwaka wa 8, Makureshi na washirika wao walipouvunja mkataba, Mtume aliingia na watu 10,000, na damu iliyomwagika ilikuwa chache mno kwa jeshi kubwa namna ile.

Mama mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ngamia waliwatosha vipi watu wote wale. Nikamwambia, sahaba Jabir bin Abdillah amesimulia kuwa siku ile ngamia alichinjwa kwa watu saba, na ng'ombe kwa watu saba. Akanyamaza kidogo, akaingia ndani, akatoka na kitambaa kimefungwa fundo.

Basi leo baada ya sala tunachinja ng'ombe wetu hapa mtaani, na fungu la saba ni lake.

Taqabbala Allahu minna waminkum. Mahujaji wetu warudi salama, waliozuiwa wafunguliwe njia mwakani. Idd Mubarak, na mlango wetu uko wazi mpaka usiku, pilau ipo.